Gitaa Lililogongwa kama Chungu

Kitwe, Rodeshia ya Kaskazini
17 Januari 1960

Dada yangu Atuganile,

Nakuamkia wewe, namwamkia mama kwa magoti yote mawili, na shemeji Yakobo kama hayuko ziwani. Mwaka umeanza nami bado nipo. Huku ndiyo salamu yetu: mtu akikuuliza hali unamjibu "bado nipo", naye anaridhika na kwenda zake. Barua yako ya Krismasi niliipata. Pole kwa vyungu kumi na viwili vilivyopasuka motoni. Mgongo wa mama unaendeleaje? Na Rut wangu je? Uliandika habari za kila mtu hadi za mbuzi, lakini binti yangu hukumtaja. Najua unamlea vizuri tangu mama yake, marehemu Neli, alipotuacha, sina shaka. Ni hamu ya baba tu.

Dada, nimechoka. Huu ni mwaka wa kumi na moja nashika mashine ya kutobolea mwamba chini ya ardhi. Nikipanda juu jioni mikono inaendelea kutetemeka, kijiko kinagongana na bakuli, wenzangu wanacheka. Mkataba wangu unakwisha Oktoba, na sitaki kutia sahihi mwingine. Sasa nakueleza nilichopanga, lakini usicheke kabla hujafika mwisho.

Hapa kuna ukumbi wa dansi wa wafanyakazi. Bendi yake inaongozwa na mtu wa kwetu, Asajile wa Tukuyu. Mpigaji wake wa gitaa la pili amehamia Ndola. Asajile alinikuta nikipapasa gitaa la boksi la Anyitike, yule wa Ngonga ninayekaa naye chumba kimoja, akasema mkono wangu una mapigo mazuri. Nikijifunza nyimbo tatu atanijaribu mwezi wa Julai. Nikifaulu natoka shimoni, napata chumba changu mwenyewe, namleta Rut asome huku. Nisipofaulu nitatia sahihi kama wengine. Sina njia ya tatu.

Sharti lake ni kwamba kila mpigaji aje na gitaa lake, na liwe la umeme. Wewe hujaliona. Nyuzi ni zilezile sita, ila lina waya unaoingia kwenye sanduku lenye spika, na sauti hutoka humo, nene, inakupiga kifuani. Hilo ndilo ninalolipenda. Gitaa la boksi siku hizi naliona dogo mno.

Dukani yako mawili. Moja ni ubao mtupu, zito kama mchi, halina tundu wala tumbo. La pili lina tumbo wazi ndani, jepesi, limepakwa rangi ya asali. Mwenye duka analisifu la ubao, lakini mwenye duka yeyote husifu kilichokaa sana. Asajile nilimwuliza, akanijibu, "Sikuchagulii mke, nitakuchagulia gitaa?" Mimi ni mgeni kabisa wa vitu hivi. Wewe umechagua udongo na vyungu maisha yako yote. Ungekuwa mimi ungeanzia wapi?

Ni mimi mdogo wako,
Yotamu


Lyulilo
28 Februari 1960

Yotamu mdogo wangu,

Salamu zako zimefika zikiwa zimelowa. Mto ulijaa, barua zikalala Matema wiki mbili, na aliyeniletea alizibeba kichwani huku maji yakimfika kifuani. Sisi tupo. Mama mgongo wake ni uleule, asubuhi unamkatalia, mchana unamruhusu kidogo. Yakobo anapata vidagaa vya usipa vya kula tu. Vyungu havikauki kwa mvua hii. Nimevipanga hadi chini ya kitanda, na Yakobo akigeuka usingizini namwonya kama mtoto. Watoto wa hapa nyumbani wote wazima.

Nimecheka kabla sijafika mwisho, unisamehe. Mtu wa miaka thelathini na minane anatafuta gitaa kama kijana anayebalehe! Lakini nimeisoma tena, na mara ya pili sikucheka. Nakwambia wazi kwamba mimi ningependa urudi. Shamba la baba lipo, mtumbwi upo, na mimi nimechoka kuwa mwanamume na mwanamke wa nyumba hii. Lakini wewe ni mtu mzima, na umeniuliza habari za gitaa, basi nitakujibu habari za gitaa.

Yotamu, chombo ni chombo. Unakumbuka Jumamosi wanunuzi wanavyokuja hapa gulioni. Hawaangalii rangi. Mtu anakiinua chungu, anakining'iniza kwa mkono wa kushoto, anakigonga kwa kifundo cha kidole, kisha anatega sikio. Chenye afya hulia, na mlio unakaa kidogo kabla ya kuondoka. Chenye ufa hukohoa tu, hata kama kwa macho ni kizuri kuliko vyote. Nawe fanya hivyohivyo. Yagonge yote mawili, usione aibu ya mwenye duka, na usikilize. Linalolia chukua. Linalonyamaza mwachie.

Ukimaliza kugonga, niandikie umesikia nini. Nataka kujua sauti zenyewe zilikuwaje, moja moja. Usinifiche.

Dada yako,
Atuganile


Kitwe
3 Aprili 1960

Dada Atuganile,

Ndaga fijo kwa ushauri wako. Natumaini mvua imewaachia. Mpe mama pole yangu ya mgongo. Nimemtumia dawa ya kuchua kwa mkono wa mtu wa Mwaya anayerudi likizo. Yakobo mwambie avumilie, samaki nao wanachoka kukamatwa.

Nimenunua! Tulikwenda na Anyitike siku ya malipo. Nikalitundika la ubao kwa mkono wa kushoto, nikaligonga kama ulivyosema. Dada, duka zima liligeuka. Mzungu mmoja aliyekuwa ananunua sahani za santuri alisimama na sahani yake mkononi. Anyitike akajifanya hanijui. Mwenye duka akanijia mbio, akaeleza kwa mikono yote kwamba la ubao haligongwi, mlio wake uko kwenye waya, na kwa mgeni ndilo linalofaa maana halileti matata kwenye spika. Nikamwambia kwetu hata chungu cha senti hamsini kinagongwa. La ubao halikutoa kitu. Nikaligonga la tumbo, nalo likajibu. Nikalichukua.

Shingo yake nimeikagua kwa kuitazama kama unavyotazama kasia, iko sawa. Nyuzi zilikuwa juu mno zikinikata vidole; Anyitike amezishusha kwa kupunguza kile kigogo kidogo kinachozibeba. Lina vifundo viwili vya kuzungusha, kimoja cha ukubwa wa sauti na kingine sijakielewa. Nyimbo mbili ninazijua tayari. Nafanya mazoezi nimekaa juu ya sanduku lenyewe la spika, majirani wananung'unika, basi.

Rut hajambo? Amefika darasa la ngapi? Umesema "watoto wa hapa nyumbani wote wazima", na mimi sikuuliza watoto wote.

Yotamu


Lyulilo
15 Mei 1960

Yotamu,

Huku tu wazima, na dawa ya kuchua imefika. Mama anajipaka hadi magoti, nyumba nzima inanuka kama zahanati. Mavuno ya mpunga yameanza. Rut yuko Ngonga kwa ndugu za mama yake, anasaidia kufukuza ndege. Akirudi nitamwambia unamsalimu.

Nimefurahi umepata gitaa. Hiyo habari ya Mzungu na sahani nilimsomea mama akacheka hadi mgongo ukamkamata.

Lakini nilikuuliza neno moja hukulijibu. La ubao "halikutoa kitu", la tumbo "likajibu". Likajibu nini? Lililia kama chungu cha maji au kama cha kupikia? Wewe umezaliwa katikati ya vyungu, huwezi kushindwa kueleza. Mama yetu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Nimelikumbuka tu, sijui kwa nini limenijia.

Dada yako, Atuganile


Kitwe
12 Juni 1960

Dada,

Habari za siku. Mimi nipo. Barua fupi maana tuko zamu mbili mbili wiki hii, mtu anakula akiwa amelala.

Lililia vizuri. Basi. Umekuwa karani wa mahakama? Jaribio ni Jumamosi ya tatu ya Julai, niombeeni. Mama asiache kujipaka dawa. Rut akirudi kutoka Ngonga mwambie aniandikie mstari mmoja kwa mkono wake.

Yotamu


Lyulilo
7 Agosti 1960

Yotamu mdogo wangu,

Nakusalimu, na mama anakusalimu. Julai imepita na hukuandika. Tumekuombea kanisani siku ile, mchungaji akauliza ni ugonjwa gani, nikamwambia si ugonjwa, ni gitaa.

Kama umefaulu, sema. Kama umeshindwa, sema pia. Mama ananiuliza kila akisikia mtu wa Matema amepita.

Atuganile


Kitwe
21 Agosti 1960

Dada yangu Atuganile,

Naanza na salamu kwa sababu mama alitufundisha hivyo, ila leo salamu zangu hazina nguvu. Mama namwomba radhi kwa kumweka roho juu. Shemeji pia.

Nimeshindwa. Nimeanza barua hii mara nne nikiishia hapo. Sasa nitakwambia ilivyokuwa, na ukishasoma usimsomee mama.

Ukumbi ulijaa. Asajile alinionyesha pa kusimama, pembeni, mbali na masanduku. Mimi nikasogea kidogo kidogo hadi mgongo wangu ukawa mbele ya sanduku langu kabisa, maana pale napigwa na sauti, najua niko wapi ndani ya wimbo. Nikafungua kifundo cha sauti hadi mwisho. Wimbo wa kwanza ukaenda. Wa pili nikaona watu wa mbele wameshika vichwa kwa mikono miwili. Dada, nilidhani wananistaajabia. Nikatabasamu. Nikachapa zaidi. Wengine wakawa wanatoka, nikadhani wanakwenda kuwaita wenzao.

Anyitike amenieleza baadaye kwa kuandika kwenye karatasi. Gitaa lenye tumbo likiwekwa mbele ya spika yake linameza sauti yake lenyewe na kuitapika, linapiga yowe moja lisilokwisha, mtu mwenye jino bovu anaweza kulia. Ndiyo matata aliyoyasema yule mwenye duka. Yowe hilo lilikuwa likilia tangu katikati ya wimbo wa kwanza. Asajile alinipigia kelele. Mwishowe akauchomoa waya.

Wimbo wa tatu niliupiga wote bila waya; ngoma za wenzangu zilinipiga kifuani, nikadhani ni gitaa langu. Niliumaliza. Niliinama kuwashukuru watu, ndipo nikauona waya umelala sakafuni.

Basi umeshajua. Sikio la kushoto lilikufa miaka mitatu iliyopita. La kulia linafuata. Kazini nasoma midomo, na Anyitike anasimama upande wa kulia ananipiga begani nyampara akiita, maana wakubwa wakijua wataniondoa. Siku ile dukani niligonga yote mawili na sikusikia kitu, si kwa lile la ubao wala hili. Hili lilitetemeka kifuani, basi nikasema limejibu. Ungetaka nikuandikie nini? Kwamba mwana wa Lyulilo amegonga chungu na hakusikia? Nilitaka gitaa la umeme kwa sababu nilidhani ni kubwa kiasi cha kunifikia.

Asajile hakunitukana. Alinishika bega akasema maneno, nikaitikia kwa kichwa, na hadi leo sijui alisema nini.

Karani ameniletea karatasi ya mkataba mpya, miezi kumi na minane. Iko chini ya godoro. Oktoba nitaitia sahihi. Shimoni hakuna anayehitaji masikio, kule sote ni viziwi kwa saa nane. Rut asiningoje. Na sitakuuliza tena kwa nini habari zake hazinifikii, nadhani sasa naelewa: mtoto amekwisha kunizoea nikiwa sipo.

Yotamu


Lyulilo
18 Septemba 1960

Yotamu mdogo wangu, mwana wa mama yangu,

Mama mzima. Yakobo mzima. Leo sina habari nyingine za kutanguliza.

Nilijua.

Ulipokuja likizo Juni ya mwaka jana, Jumamosi moja ulisimama ufukweni ukitazama mitumbwi ya vyungu ikiingia. Rut alikuwa amefinyanga chungu chake cha kwanza, kidogo, mdomo umepinda, akataka wewe uwe wa kwanza kukiona. Alikuja nyuma yako akakuita. "Baba!" Mara tatu. Mimi nilikuwa napanga vyungu vyangu karibu tu, nikasikia, na watu wote wakasikia. Hukugeuka. Akakitupa kile chungu majini, akanijia, akasema, "Shangazi, baba hanitaki."

Nilikasirika nawe siku nzima. Kesho yake jikoni nikaangusha sufuria nyuma yako kwa makusudi. Mbuzi waliruka, wewe ukaendelea kumenya ndizi. Hapo hasira ikaniisha, nikakaa chini.

Wajua kwetu ugonjwa wa mtu mzima hutajwa na mwenyewe. Ukimtangulia umemvua nguo mbele za watu. Ukaondoka bila kusema, nami bila kusema. Kwa Rut nilisema baba amechoka tu. Hakuniamini. Tangu siku hiyo hajanipa salamu za kukuandikia, na mimi sikuweza kutunga salamu ambazo mtoto hakuzitoa. Ndiyo maana hukuziona.

Halafu ukaniuliza habari za gitaa. Yotamu, ushauri ule haukuwa ushauri. Mimi najua nini kuhusu magitaa? Nilisema moyoni, akigonga asisikie, atalazimika kuniandikia kwamba hakusikia, basi lango limefunguka tutazungumza. Nilikutega. Wewe kwa aibu ukagonga mbele ya watu wote, ukanunua lile ambalo mwenye duka alikukataza, na lile ndilo lililokuumbua ukumbini. Ungemsikiliza yeye pengine ungefaulu. Nimewaza hili wiki nzima. Ni mimi niliyekufanya ushindwe. Nisamehe. Kama huwezi sasa, nisamehe baadaye, lakini nisamehe.

Jana nilimwita Rut nikamwambia yote, masikio, mashine, ukumbi, waya. Alikuwa anasafisha mpunga. Akauliza, "Kwa hiyo siku ile hakunisikia?" Nikamwambia hakukusikia. Akaendelea kupepeta. Baada ya muda akauliza tena neno lilelile, nikamjibu vilevile. Akaniuliza mara tano hadi jua linatua, na kila mara nilimjibu.

Hiyo karatasi usiitie sahihi. Sikuombi kwa ajili ya mama, wala shamba, wala uchovu wangu. Nakuomba kwa ajili ya huyu anayeuliza.

Dada yako,
Atuganile


Kitwe
16 Oktoba 1960

Dada yangu Atuganile,

Mwamkie mama. Mwambie Yakobo aukague mtumbwi wa baba kama bado unakaa majini.

Barua yako niliisoma nimesimama nje ya ofisi ya posta, nikaisoma tena nimekaa. Nilikuwa na hasira nawe kwa siku mbili, sitakuficha. Tumefichana vya kutosha. Siku ya tatu nilijiona mle dukani na kile kidole changu, nikacheka peke yangu, Anyitike akadhani na akili nayo inaondoka. Si wewe uliyenifanya nishindwe. Hata na la ubao ningemaliza wimbo waya ukiwa sakafuni. Yaishe.

Karatasi nimeirudisha kwa karani haina sahihi. Nyampara alipoambiwa sababu alisema alijua siku nyingi. Inaonekana dunia nzima ilijua, tukabaki tunaheshimiana.

Sanduku la spika nimemwachia Anyitike. Gitaa nalileta. Kwetu hakuna umeme, najua, lakini nikiliegemeza kwenye taya nikalipapasa, kitu kinaingia kupitia mfupa. Si kama zamani, ni kidogo sana, na kidole kikipumzika kinaondoka. Mikono bado inatetemeka. Usitegemee mengi kutoka kwangu shambani mwaka huu.

Natoka hapa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu kwa basi la Tunduma. Mungu akipenda Alhamisi itakayofuata nitakuwa kwenye lori la Ipinda, na kutoka hapo nitakuja kwa miguu.

Mwambie Rut, akiniona nakuja, asiniite. Aje hadi mbele yangu, anishike mkono, ndipo aseme.

Ni mimi,
Yotamu